Cha Kunakili Nacho Kina Mwenyewe

Wengi wetu tuliofika huku ughaibuni katika miaka ya tisini na mwanzoni mwa miaka ya 2000 tunaikumbuka ile sidii. Haikuwa na picha wala maandishi ya kiwandani. Jina la programu liliandikwa juu yake kwa kalamu ya wino mzito, mara nyingine kwa herufi zilizokosewa, na kwenye kikaratasi kilichokunjwa kulikuwa na namba ndefu ya kufungulia. Ukienda nyumbani likizo ulirudi nayo begini pamoja na halua na ubuyu, na hakuna aliyekuuliza.

Chama chetu cha kusaidiana, katika mji huu wa Uingereza, kilikuwa na sidii kama hiyo. Tulipata kompyuta kuukuu kutoka ofisi iliyokuwa ikibadilisha zake, ikaja tupu bila kitu ndani. Mwenzetu mmoja alikuwa ametoka Dar es Salaam karibuni na sidii aliyoinunua mtaani kwa bei ya chakula cha mchana. Kwa jioni moja tukawa na kila kitu: Windows, programu ya kuandikia barua, ya mahesabu, na hata ya kuzuia virusi. Tulimpigia makofi. Orodha ya wanachama na hesabu za mfuko wa mazishi tukazihamishia humo, na lile daftari la mkono tukalifungia kabatini.

Baada ya miaka miwili kompyuta ilikataa kuwaka. Fundi aliyeifungua alitueleza kwa upole kwamba virusi vimekula mafaili. Programu ya kuzuia virusi haikuwa imepokea kitu kipya tangu siku ilipowekwa. Mfumo wenyewe nao haukuwa umepata marekebisho yoyote, kwa sababu tulikuwa tumeyazima kwa makusudi, tukiogopa kwamba ukiwasiliana na wenye mali ungegundulika. Malipo ya miaka miwili yalikuwa yamepotea.

Wiki ile ile mzee wetu mmoja akafariki. Kanuni za mfuko zilisema aliyekosa kulipa kwa miezi sita hana haki ya kuzikwa kwa fedha za chama. Mjane alisema mumewe alilipa. Mweka hazina aliamini hivyo, lakini hakuwa na cha kuonyesha, na wapo waliotaka ushahidi. Basi tulikaa kikao usiku, watoto wa marehemu wakiwa chumba cha pili, tukamwuliza mama yule maswali ambayo hakustahili kuulizwa. Mwishowe tuliliamini neno lake, na mazishi yakafanyika kwa heshima. Lakini aibu ya usiku ule bado tunayo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Yaliyotupata yametufanya tuitazame upya historia ya uharamia wa programu za kompyuta, ambayo mara nyingi huelezwa kama ugomvi kati ya matajiri wa Marekani na maskini wa dunia. Tukiifuatilia vizuri tunaona jambo jingine. Deni la nakala ya wizi hulipwa daima, ila mlipaji mara nyingi si yule aliyenakili, wala si yule tajiri aliyenakiliwa.

Kunakili kabla ya kompyuta

Tuanze kwetu, maana kwetu kunakili hakukuwa aibu. Kabla ya vitabu vya kuchapishwa kuenea pwani, utenzi uliishi kwa sababu mtu aliketi na kalamu na wino akauandika upya kwa herufi za Kiarabu, ubeti kwa ubeti. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, anajulikana sana kwa kazi hiyo. Alikuwa mshairi, mchonga mbao, mwanamuziki na mwandishi wa hati nzuri, na wataalamu wa Ulaya kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann walimtegemea awanakilie tenzi. Baadhi ya miswada hiyo imo hapa London, katika maktaba ya SOAS, na msomaji wetu yeyote aliye karibu anaweza kwenda kuuliza.

Katika utaratibu ule wa zamani kulikuwa na mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza, kunakili kulikuwa kazi. Kulichukua siku nyingi, macho na mkono, kwa hiyo mnakili alistahili ujira wake, na nakala haikuweza kuzagaa ovyo. La pili, jina la mtunzi lilihifadhiwa. Katika tenzi nyingi mtunzi hujitaja mwenyewe kwenye beti za mwisho, na mnakili mwaminifu hakulifuta jina hilo. Nakala ilikuwa yako, lakini utungo ulibaki na mwenyewe.

Kaseti ndiyo iliyoanza kulivunja lile la kwanza. Mwenye duka lenye redio mbili aliweza kutoa nakala za taarab kutwa nzima huku akinywa kahawa. Mwimbaji alisikika kutoka Mombasa hadi Maskati, na senti haikumfikia. Ilipokuja diski ya kompyuta, kazi ya kunakili ilikwisha kabisa. Nakala ya elfu moja ilikuwa sawa na ya kwanza, na iligharimu dakika chache. Hapo dunia nzima, si sisi peke yetu, ikaingia katika jambo ambalo haikuwa na adabu yake.

Barua ya kijana wa miaka 20

Ugomvi wenyewe ulianza Marekani. Januari 1975 jarida la Popular Electronics liliweka kwenye jalada lake kompyuta iliyoitwa Altair 8800, iliyouzwa na kampuni ya MITS ya Albuquerque kwa watu waliopenda kuunganisha mashine wenyewe. Bill Gates na Paul Allen, wakisaidiwa na Monte Davidoff, waliiandikia lugha ya BASIC, na bila programu ya namna hiyo mashine ile ilikuwa na kazi chache sana. BASIC iliuzwa ikiwa kwenye utepe wa karatasi wenye matundu.

Mwaka huo huo MITS ilipofanya maonyesho katika hoteli moja ya Palo Alto, California, utepe mmoja ulitoweka. Ulifika kwa wanachama wa Homebrew Computer Club, kikundi cha wapenzi wa kompyuta, ukanakiliwa na kugawiwa mkutanoni. Waliopewa waliombwa kurudisha nakala zaidi katika mkutano uliofuata. Hawakujiona wezi. Walijiona wanasaidiana, kama sisi tulivyojiona usiku ule wa makofi.

Tarehe 3 Februari 1976 Gates, akiwa na umri wa miaka 20, aliandika barua ya wazi kwa wapenzi hao. Alidai kwamba waliokuwa na Altair na kununua BASIC hawakufika asilimia 10, kwamba muda wa kompyuta waliotumia kuiandika ulikuwa na thamani ya zaidi ya dola 40,000, na kwamba wakigawanya mapato kwa saa za kazi, kila saa haikufika dola 2. Aliuliza ni nani atakayefanya kazi ya kitaalamu bila malipo.

Waliojibu hawakukosa hoja. Walikumbusha kwamba sehemu kubwa ya muda ule wa kompyuta ulikuwa wa mashine ya Chuo Kikuu cha Harvard, iliyogharamiwa na fedha za serikali ya Marekani. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza hapakuwa na malaika upande wowote. Lakini swali la kijana yule lilikuwa la haki, na jibu lake lilichukua miaka mingi.

Programu yageuka kitabu

Sheria ilikuja polepole. Marekani iliweka wazi mwaka 1980 kwamba programu ya kompyuta inalindwa na hakimiliki. Uingereza ikafanya hivyo mwaka 1985. Mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994, ulioletwa pamoja na Shirika la Biashara Duniani, ukasema programu ilindwe kama kazi ya fasihi. Kwa macho ya sheria, basi, aliyeandika programu ya mahesabu na aliyetunga utenzi wamekaa jamvi moja. Sisi wenye mapenzi na vitabu tusilichukie hilo.

Nyumbani nako sheria zipo. Tanzania Bara ilipitisha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, Kenya ikafuata mwaka 2001, na Zanzibar ikatunga ya kwake mwaka 2003. Falme za Kiarabu zilikuwa na sheria tangu 1992, zikaibadilisha 2002. Oman ilitoa mpya mwaka 2008. Lakini sheria na desturi ni vitu viwili, na desturi ilikuwa imetangulia.

Ndugu wawili wa Lahore

Mfano wa namna deni linavyopotea njia ni ule wa Pakistan. Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Basit na Amjad Farooq Alvi, walikuwa na duka la kompyuta. Kwa maelezo yao, waliandika programu ya kitabibu, wakaona watu wanainakili bila kulipa. Wakatengeneza programu ndogo iliyojificha kwenye diski na kujinakili yenyewe kila ilipopata nafasi. Ndani yake waliandika majina yao, anwani na namba za simu, pamoja na onyo kwamba mwenye diski awasiliane nao apate chanjo. Hicho ndicho kirusi cha Brain, kinachohesabiwa kuwa cha kwanza kuenea duniani katika kompyuta za aina ya IBM.

La ajabu ni kwamba duka hilo hilo liliuza nakala za programu za Marekani ambazo halikuwa na idhini nazo, na wageni walizinunua kwa furaha. Ndugu hao walieleza baadaye kwamba diski walizowauzia wageni ndizo walizozitia kirusi, kama adhabu. Yaani aliyeibiwa naye aliiba, na aliyenunua cha wizi akarudi kwao na ugonjwa. Kirusi kikafika vyuo vya Marekani, kikaingia kwenye diski za wanafunzi ambao hawakumwibia mtu. Simu zikaanza kulia Lahore kutoka nchi za mbali.

Tangu hapo virusi na nakala za wizi vimekuwa majirani. Anayefungua kufuli la programu ili aigawe bure anaweza kuweka chochote ndani yake, nawe huna pa kumshtaki. Na hata kama hakuweka kitu, nakala inayoogopa kusahihishwa ni nyumba isiyofungwa mlango. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipiga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Wengi wetu tulioko Uingereza tunakumbuka hospitali zikiahirisha miadi ya wagonjwa. Dawa yake ilikuwa imetolewa na Microsoft tangu Machi, miezi miwili kabla. Hospitali zile hazikutumia programu za wizi. Kosa lao lilikuwa kuchelewa kurekebisha. Lakini anayetumia nakala ya wizi huchelewa kwa kuogopa, na huchelewa kila siku.

Alichosema tajiri, na kilichotupotea sisi

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwetu ndilo zito zaidi. Mwaka 1998 Bill Gates, ambaye wakati huo alikuwa miongoni mwa watu matajiri kabisa duniani, alizungumza na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington. Akigusia China, alikiri kwamba watu huko hawalipii programu, ila akasema kuwa maadamu wataiba, ni afadhali waibe za kwake. Watazoea, na siku moja itapatikana njia ya kukusanya malipo. Kijana aliyelia mwaka 1976 alikuwa amekwisha kuelewa kwamba nakala ya wizi nayo ni tangazo la biashara.

Basi kama yeye hakuumia sana, nani aliumia? Tutoe mfano wa nyumbani. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux na kwa ushirikiano na Wasweden, kilitoa Jambo OpenOffice. Ilikuwa programu kamili ya kuandikia, kupiga mahesabu na kuandaa maonyesho, na maelekezo yake yote yalikuwa kwa Kiswahili. Ilijengwa juu ya OpenOffice, ambayo ni ya wale walioamua kutoa kazi zao kwa idhini ya wazi ili kila mtu azitumie, azinakili na kuzirekebisha. Njia hiyo ilitangazwa na Richard Stallman mwaka 1983, na mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akaipa nguvu mpya alipoanzisha Linux mwaka 1991. Walimu na wanafunzi wa Dar es Salaam walikaa wakatafuta maneno ya Kiswahili ya kila amri na kila dirisha, kazi ya subira kama ile ya Kijumwa. Mwaka huo huo wa 2004 Microsoft nayo ilikuwa imetangaza kwamba italeta programu zake kwa Kiswahili.

Hapa palikuwa na kitu cha bure, cha halali, cha lugha yetu, ambacho kunakili kwake ni ruhusa na hata ni sifa. Lakini mtaani kilikutana na ile sidii yenye wino mzito. Mwenye duka la intaneti hakuona sababu ya kuhangaika na programu mpya wakati ile ya Kizungu anayo na haikumgharimu chochote. Bure ikishindana na bure, hushinda iliyozoeleka. Kama nakala za wizi zisingekuwapo, maskini wetu wangelazimika kuchagua kati ya ghali na huru, na wengi wangechagua huru. Hatusemi hiyo ndiyo sababu pekee. Mafunzo yote yalikuwa kwa Kiingereza, na waajiri walitaka ujuzi wa programu zinazojulikana. Lakini mlango ulikuwa wazi kidogo, na sisi kwa mikono yetu tukausukuma ukafungwa.

Aliyeumia mwingine ni kijana wa nyumbani mwenye kipaji. Anakesha miezi akiandika programu ya karo za shule au hesabu za duka la dawa. Anauza nakala ya kwanza, ya pili anaikuta tayari imewekwa. Akidai, anaambiwa hata za Wamarekani hatulipii, itakuwa yako? Kampuni kubwa huvumilia hasara hiyo kwa miaka kumi ikingojea siku ya kukusanya. Kijana huyu hawezi kungoja hata mwisho wa mwezi, na tunapomkuta ameacha ufundi na kuja huku kusukuma mikokoteni ya ghala, tunasema nyumbani hakuna kazi.

Upande wa pili wa shilingi

Haki itendeke: walionakili nao wana la kusema. Bei za programu zilipangwa kwa mishahara ya Marekani na Ulaya. Mwalimu wa Mombasa, Kigoma au Bujumbura asingeweza kuzilipia hata angekaa na njaa. Umoja wa makampuni hayo, BSA, ulioanzishwa mwaka 1988, umekuwa ukitoa takwimu. Kwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba asilimia 37 ya programu zilizowekwa kwenye kompyuta duniani hazikuwa na leseni. Kwa miaka mingi thamani ya nakala hizo iliitwa hasara, na wapinzani wakauliza kwa haki: aliyenakili kwa kuwa hana uwezo wa kununua, amemkosesha muuzaji nini? Tena wapo vijana wengi wa kwetu waliojifunza kazi kwa nakala hizo, na leo wana ajira nzuri hapa Uingereza, Marekani na Ghuba.

Hayo ni kweli, nasi hatumwiti jirani mwizi. Lakini sisi tulio huku hatuwezi tena kujificha nyuma ya umaskini wa mwalimu wa Kigoma. Chama chetu kilikuwa na fedha za kukodi ukumbi na kupika pilau ya Idi. Hakikukosa uwezo wa kununua, na programu huru za halali zilikuwapo pia. Tulichokosa ni kufikiri.

Leo sidii zimekwisha, na programu nyingi hukodishwa kwa mwezi kupitia intaneti. Tabia haikuisha, imehamia kwenye simu. Tunatumiana zile WhatsApp zilizofanyiwa ukarabati na watu wasiojulikana, tunaziweka nje ya duka rasmi kwa sababu zina rangi nzuri, kisha humo humo tunapitisha namba za benki, picha za pasipoti na michango ya misiba. Rahisi huvunja upishi.

Baada ya msiba ule chama chetu kiliweka Linux na OpenOffice kwenye kompyuta ile ile kuukuu. Tulichanga pauni chache tukazituma kama mchango kwa waliozitengeneza, ingawa hawakudai. Na lile daftari tulilitoa kabatini. Mpaka leo mweka hazina huandika kila malipo kwa mkono pia, na mwanachama hutia saini. Kati ya kurasa zake zipo za miaka miwili zisizo na kitu. Mtu mmoja alipendekeza tuzijaze kwa kukumbuka, tukakataa. Kila mweka hazina mpya anapokabidhiwa daftari huonyeshwa kurasa hizo kwanza, akaelezwa zilivyokuja kuwa tupu, na jina la mama yule tuliyemwuliza maswali.